Ugomvi, mgogoro au "hali ya kutoelewana"?

Swali: "Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja alimtaka mweka hazina afungue daftari la marejesho mbele ya wote. Mweka hazina akakataa, akamwita mzushi. Maneno yakapanda, daftari likarushwa mezani, kikao kikavunjika. Kwenye muhtasari niliandika 'ulitokea ugomvi'. Mwenyekiti akafuta, akaandika 'palitokea hali ya kutoelewana'. Yule mjumbe aliyeuliza naye anataka yaandikwe 'mgogoro'. Nani kati yetu yuko sahihi? Na maneno mengine kama mzozo, malumbano, mfarakano, uhasama na mtafaruku, yana tofauti kweli au ni mapambo tu?"

Jibu:

Ndugu Katibu,

Nyote watatu mnakijua Kiswahili vizuri, na shida imeanzia hapo. Kila mmoja amechagua neno linalomfaa. Wewe uliandika ulichokiona: sauti zilipanda, kitu kikarushwa. Mwenyekiti anataka jambo lipite bila kuacha alama. Aliyeuliza anataka ijulikane kwamba lina chanzo, na chanzo hicho bado kipo. Kamusi haitawasaidia sana, kwa sababu mara nyingi hulieleza neno moja kwa jingine: mzozo ni ugomvi, ugomvi ni mzozo, mgogoro ni hali ya kutoelewana, ukazunguka mpaka ukachoka. Tofauti imo katika mambo ambayo neno huwa limekwisha kuyaamua kabla hujafika mwisho wa sentensi: walikuwa wangapi, nani alimfanyia nani, jambo limedumu kwa muda gani, na kama kuna kitu kinachogombewa au ni hasira tu.

Tuanze na neno lako. Ugomvi umezaliwa na kitenzi gomba, ambacho asili yake ni kukemea. Mzazi akimgombeza mtoto, anayesema ni mmoja na mwingine kainamisha kichwa. Wakijibizana, wanagombana. Anayekaa pembeni akiwapelekea maneno anawagombanisha. Wakitaka kitu kimoja wanakigombea, na humo ndimo alimotoka mgombea wa ubunge, ingawa leo hakuna anayesikia hasira yoyote ndani ya jina lake. Wakikitaka bila utaratibu, kwa kusukumana, wanakigombania: mgombea hugombea kiti, abiria hugombania siti, na wanasiasa wasiopenda kuambiwa kwamba wanagombania wanaijua tofauti hiyo vizuri sana.

Kwa hiyo ugomvi una watu, una sauti, na kwa kawaida una saa yake. Huzuka, hupamba moto, huja mtu akauamua, ukaisha. Waweza kuwa wa maneno, waweza kuwa wa makonde, na neno lenyewe halisemi ni upi. Tena ugomvi hauhitaji sababu ya maana. Watu hugombana kwa jambo ambalo kesho yake hawalikumbuki. Ndiyo maana wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Hawakusema hivyo juu ya mahasimu.

Mgogoro ni kitu kingine kabisa, na dalili ya kwanza iko kwenye sarufi: hauna kitenzi. Watu wanagombana, wanazozana, wanafarakana, lakini hakuna anayegogorana. Kamusi za zamani zinaonyesha kwamba neno hili lilitumika kwa kizuizi kilicho njiani, kitu kinachomzuia mtu kupita, kabla halijahamia kwenye mambo ya watu. Bado limebaki na tabia hiyo. Mgogoro haufanywi, bali upo, umekaa mahali. Watu wawili waweza kuwa na mgogoro wa mpaka wa shamba kwa miaka ishirini, wakasalimiana kila asubuhi, wakazikana, na wasigombane hata siku moja. Mawakili wao ndio wanaoandikiana barua.

Na mgogoro lazima uwe wa kitu fulani. Ukiambiwa "kuna mgogoro", swali linalofuata ni "wa nini?", na jibu huwapo: wa ardhi, wa kazi, wa uongozi, wa mirathi. Ndiyo sababu sheria na ofisi zimelipenda. Tanzania ina sheria ya mwaka 2002 inayohusu mahakama za kushughulikia migogoro ya ardhi, na migogoro ya kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hakuna bunge ambalo lingepitisha sheria ya ugomvi wa ardhi. Ukitaka kujua neno lipi linafaa, weka muda mbele yake. "Ugomvi wa jana usiku" unasikika sawa. "Mgogoro wa jana usiku" unachekesha kidogo, kwa sababu mgogoro hauanzi usiku ukaisha asubuhi.

Mzozo umekaa katikati. Una kitenzi chake, zozana, kwa hiyo watu wanaonekana wakitenda kama kwenye ugomvi; lakini huwa na hoja inayobishaniwa na huweza kuvuka siku kadhaa, jambo linaloufanya ukaribiane na mgogoro. Hapa utakutana na tofauti ya nchi na nchi. Magazeti ya Kenya huandika mizozo ya mashamba pale ambapo ya Tanzania yangeandika migogoro ya ardhi, na hakuna aliyekosea. Idhaa za kimataifa za Kiswahili nazo zimeuzoea mzozo kwa mambo ya mataifa, hata yale ambayo mabomu yanaanguka kila siku. Nitarudi kwenye hilo.

Sasa neno la Mwenyekiti, ambalo nalisifu kwa ufundi wake hata kama silipendi. "Palitokea hali ya kutoelewana." Itazame sentensi hiyo kwa makini. Mtendaji wake ni mahali: *pa*litokea. Kilichotokea ni hali, si tendo. Na hali yenyewe ni ya kutoelewana, yaani tatizo limehamishwa kutoka kwenye daftari likapelekwa kwenye masikio. Lakini kwa maelezo yako, wale wawili walielewana vizuri mno. Mmoja alisema "fungua daftari", mwingine akasema "sifungui". Huko si kutoelewana, ni kutokubaliana, au kwa lugha nyofu zaidi, ni kukataa. Kutoelewana halisi ni pale wewe unaposema mkutano ni saa nne na mwenzako akadhani unamaanisha saa nne usiku.

Hapo tumefika kwenye jambo ninalotaka ulibebe kuliko yote, nalo ni kiambishi kidogo: -an-. Kiswahili kina kauli ya kutendana, na karibu kila neno letu la kutofautiana limepita humo: gombana, zozana, bishana, farakana, pingana, kosana, pigana. Kauli hiyo hugawa tendo kwa pande zote mbili, nusu kwa nusu, bila kuuliza nani alianza wala nani aliumia. Ni kauli yenye heshima, na mara nyingi ni ya kweli. Lakini pia ndiyo maficho mazuri kuliko yote katika lugha yetu.

"Mume na mke wamepigana, mke amelazwa." Sentensi za namna hii hatuzistuki. Lakini kama mume alimpiga mkewe na mke hakunyanyua mkono, basi hawakupigana, alipigwa. Neno pigana limemwekea mgonjwa ngumi ambayo hakuirusha. Vivyo hivyo "ugomvi wa kifamilia", maneno yanayotumika kufunika kila kitu kuanzia kelele za mezani hadi mauaji. Mwandishi wa habari akiyaona kwenye taarifa inabidi aulize: nani alifanya nini? Kama jibu lina mtendaji mmoja na mtendwa mmoja, kauli ya kutendana haina kazi hapo.

Kinyume chake pia hutokea. Waliozipiga kweli, kila mmoja akahojiwa peke yake, wote watasema "alinishambulia". Hapo -an- ndiyo inayosema kweli na wao ndio wanaoikwepa. Sisemi basi uiogope. Nasema uitumie pale ulipoona mikono ya pande mbili.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili ni Rwanda, mwaka 1994. Katika takriban siku 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, wengi wao Watutsi. Wakati yanatokea, dunia iliyasikia kwa majina ya machafuko, mapigano, vita vya kikabila. Majina yote hayo yana pande mbili au hayana upande kabisa. Maofisa wa serikali ya Marekani kwa wiki kadhaa walijizuia kuyaita moja kwa moja mauaji ya kimbari, wakasema tu "vitendo vya mauaji ya kimbari", maana Mkataba wa 1948 unazitaka nchi zizuie na kuadhibu kosa hilo, na walihofia kulitamka kungewabana kuchukua hatua. Novemba 1994 Baraza la Usalama liliunda mahakama maalumu, ikawa na makao yake Arusha, na Septemba 1998 mahakama hiyo ikamtia hatiani Jean-Paul Akayesu, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Kiswahili hapa kina maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mauaji ya halaiki husema tu kwamba waliouawa ni wengi. Halaiki ni umati. Mauaji ya kimbari husema waliuawa kwa sababu ya mbari yao, yaani ukoo, nasaba, asili. La kwanza linahesabu maiti, la pili linataja kusudi. Mwandishi anayeandika halaiki pale mahakama ilipothibitisha kimbari ameondoa kusudi, hata kama hakudhamiria.

Na nirudi kwenye muhtasari wako kabla sijasahau. Ushauri wangu ni kwamba usiandike neno lolote kati ya hayo matatu. Muhtasari hauhitaji jina la tukio, unahitaji vitenzi: "Mjumbe fulani aliomba daftari la marejesho lifunguliwe mbele ya wajumbe. Mweka hazina alikataa na akamwita mjumbe huyo mzushi. Wote wawili waliendelea kubishana kwa sauti ya juu. Kikao kiliahirishwa kabla hoja hiyo haijajibiwa." Umeona kwamba kauli ya kutendana nimeiweka mahali pamoja tu, pale ambapo wote wawili walitenda. Kurushwa kwa daftari nimekuacha kwa makusudi, kwa kuwa hata wewe umeniandikia "daftari likarushwa". Na nani? Kauli ya kutendwa nayo ni binamu wa "palitokea". Ama umtaje aliyelirusha, ama usitaje kwamba lilirushwa.

Kuhusu yale maneno mengine, hayo si mapambo.

Malumbano yana heshima ambayo siku hizi tumeisahau. Mlumbi ni msemaji hodari, ulumbi ni ufasaha, na kulumbana kwa asili ni kushindana kwa ufundi wa maneno. Washairi wa pwani walilumbana kwa beti, mmoja akitupa fumbo na mwingine akilifumbua kwa vina vilevile. Ngonjera ni ndugu wa karibu: wahusika wawili wanapingana kwa beti, na kwa desturi ya utanzu huo mwishoni mmoja humkubali mwenzake. Magazeti yamelichukua neno hili kwa wanasiasa wanaotupiana vijembe, na sina kinyongo nalo, maana kijembe nacho ni ufundi. Ila mtu akitukana bila ustadi wowote, hajalumbana. Ametukana.

Mabishano yanahusu ukweli wa jambo: wewe wasema ndiyo, mimi nasema siyo. Mabaharia hutumia bisha kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo, na mbishi ndivyo alivyo, upepo ukivuma kutoka kusini yeye huelekea kusini. Kubishana hakuhitaji hasira, na ubishi ni tabia ya mtu, si tukio. Mjadala ni mpana zaidi, kila mmoja ana la kusema na si lazima apatikane mshindi. Mdahalo hupangwa, una mada, una upande unaounga mkono na unaopinga, na una mtu wa kushika saa. Majadiliano huwa yanatafuta kitu mwishoni, mkataba au angalau tarehe ya kukutana tena. Ukiwaandikia waajiri na wafanyakazi kwamba "wana mdahalo" umewageuza wanafunzi wa sekondari.

Mfarakano unahitaji sharti moja ambalo wengi hulisahau: lazima watu walikuwa pamoja. Mzizi wake ni wa Kiarabu, unaohusu kuachana na kutengana. Chama hufarakana, ndugu hufarakana, waumini wa jumuiya moja hufarakana. Nchi mbili ambazo hazijawahi kuwa na uhusiano haziwezi kufarakana, na mtu hawezi kufarakana na jirani aliyehamia juzi. Neno hili lina huzuni ambayo mgogoro hauna. Mtafaruku umetoka kwenye mzizi huohuo, lakini umekwenda mbali na nyumbani. Siku hizi ukisikia kauli fulani "imezua mtafaruku" unaelewa kwamba watu wamechanganyikiwa, wanapiga kelele, hakuna anayejua lipi ni lipi. Maana ya kutengana imefifia, na sioni faida ya kupigana nayo irudi.

Hitilafu nayo imesafiri. Kwa wanazuoni wa Kiislamu hitilafu ni tofauti ya rai katika jambo la elimu, na haina ubaya. Wanazuoni wawili waweza kuhitilafiana wakaheshimiana mpaka kaburini. Kwa watu wengi leo hitilafu ni ya umeme. Kwa hiyo ukiandika "kulikuwa na hitilafu kati ya wajumbe", wasomaji wa aina mbili watasoma sentensi mbili. Tumia tofauti, au kama unataka kuonyesha kwamba ni suala la mawazo tu, tofauti za maoni.

Kuna kundi lililotoka kwenye mambo ya kuonekana kwa macho, nalo ni rahisi kulipima kwa sababu kila neno bado lina picha yake. Mvutano unataka kitu katikati ambacho kila upande umekishika: madaraka, bajeti, mtoto. Msuguano huchukua muda na huleta joto, ni wa watu wanaolazimika kufanya kazi pamoja kila siku. Mkwaruzano ni wa juujuu, huacha alama ndogo kwenye ngozi, na huwa mfano mzuri wa neno dogo kwa jambo dogo. Mgongano ni wa vitu viwili vilivyokuwa njia moja, na haudai chuki yoyote. Ndiyo maana tunasema mgongano wa maslahi: mtumishi wa umma anayesimamia zabuni ambayo kampuni ya mkewe imeomba hana ugomvi na mtu, maslahi mawili yamekutana ndani ya mtu mmoja. Anayeandika "mgogoro wa maslahi" amekosa picha hiyo.

Uhasama ni wa muda mrefu na una kumbukumbu. Hasimu asili yake ni mpinzani katika shauri, yule mnayesimamishwa naye mbele ya hakimu, na bado neno hilo lina harufu ya hesabu isiyofungwa. Adui amekwenda mbali zaidi, anakutakia mabaya hata mahali ambapo hana faida. Mpinzani hana ubaya wowote: ana msimamo mwingine, basi. Mabunge mengi yana cheo cha Kiongozi wa Upinzani, hakuna lenye Kiongozi wa Uhasama, na mwanasiasa anayewaita wapinzani wake maadui amekwishasema mengi kuhusu anavyoiona siasa. Kurasa za michezo zinaonyesha hili vizuri. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi, na neno mtani linaruhusu kejeli, kebehi na hata jeneza la kuchora, mradi kesho yake watu wanacheka pamoja. Kenya, Gor Mahia na AFC Leopards mara nyingi huitwa mahasimu wa jadi, lakini mechi yao yenyewe ni debi ya Mashemeji, na shemeji ni mtu wa kutaniwa. Lugha imejirekebisha yenyewe.

Neno linaloniletea maswali mengi kutoka pande zote mbili za mpaka ni kuteta. Kwa Mkenya, anayeteta analalamika au anazua ugomvi. Kwa Mtanzania, wanaoteta wananong'onezana pembeni, na anayemteta mtu anamsema akiwa hayupo. Kamusi zinabeba maana hizo pamoja, na ukoo wake ni mkubwa: tetesi ni habari za kunong'onwa, utesi ni ugomvi, na mtetezi ni anayegomba kwa niaba yako. Kama muhtasari wako utasomwa nchi zote mbili, liepuke.

Vurugu, fujo, ghasia, rabsha na machafuko ni maneno ya hali isiyo na pande. Vurugu imetoka kwenye kuvuruga, machafuko kwenye kuchafuka, kama bahari inavyochafuka. Hayataji nani dhidi ya nani, yanasema tu kwamba utaratibu umevunjika, na kwa hiyo yanampendelea mwenye utaratibu. Maandamano yaliyopigwa mabomu ya machozi, yakiitwa vurugu, msomaji tayari anajua akae upande gani. Uchochezi nao uwe nao makini. Mtaani ni kutia maneno tu, lakini mahakamani ni kosa la jinai, na anayeliandika juu ya mtu aliye hai ajue analolifanya.

Niliahidi kurudi kwenye mzozo na mabomu. Vita ni neno zito, na wenye kuvianzisha ndio wanaolikimbia zaidi. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 serikali yake iliita jambo hilo "operesheni maalumu ya kijeshi", na mamlaka yake ya kusimamia vyombo vya habari ikaviamuru kuacha maneno kama uvamizi. Mikataba ya Geneva ya 1949 ilikwishaliona tatizo hili mapema: inatumika kwenye mapigano ya silaha kati ya nchi hata kama mmoja wao hakubali kwamba kuna hali ya vita. Kwa hiyo mwanasheria ana sababu ya kusema "mgogoro wa silaha". Sisi wengine hatuna. Kama majeshi mawili yanapigana kwa miezi sita, mzozo ni neno dogo mno.

Bifu? Mtaani hakuna neno jingine linalofanya kazi yake: wawili hawaongei, wanatupiana maneno kwa mbali, na mashabiki wanafurahi. Lina tamasha ndani yake ambalo uhasama hauna. Kwenye muhtasari halifai, kwenye habari za wanamuziki linafaa kabisa.

Jambo la mwisho ambalo hukuniuliza lakini utalihitaji kikao kijacho: kila neno la kutofautiana lina kitenzi chake cha kumalizia, na vikichanganywa sentensi inapinda. Ugomvi huamuliwa. Mgogoro hutatuliwa. Mzozo husuluhishwa. Waliokosana hupatanishwa. Fitina hukatwa mzizi. Suluhu yenyewe imechukuliwa na watangazaji wa mpira wa Tanzania kwa mechi iliyoisha bila bao, wakaiacha sare kwa mechi ya mabao sawa, na naona wamelitendea haki, kwa sababu suluhu mara nyingi ni pale ambapo hakuna aliyepata kitu.

Zanzibar imetupa mfano mzuri wa maneno mawili ambayo yanaonekana sawa na si sawa. Chaguzi za 1995 na 2000 ziliacha uchungu: baada ya ule wa kwanza vyama vya CCM na CUF vilitia saini Muafaka wa kwanza mwaka 1999, na baada ya ule wa 2000 vikatia saini wa pili mwaka 2001. Muafaka ni makubaliano: kuna vifungu, kuna saini, kila upande unajua umepewa nini. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walipokutana, jina likabadilika, yakaitwa Maridhiano. Humo ndani mna radhi, na mna ile -an- yetu tena, safari hii ikigawa kitu ambacho hakiwezi kutiwa saini kwa niaba ya mtu mwingine. Julai 31, 2010 wananchi walipiga kura ya maoni na thuluthi mbili hivi wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kwa hiyo mjumbe wako na mweka hazina wakikubaliana daftari lifunguliwe kila mwisho wa mwezi, andika kwamba wamefikia muafaka. Maridhiano usiyaandike mpaka wao wenyewe wayatamke.